Namna ya Kutumia Dawa za Mzio kwa Usalama: Kuanzia Piriton hadi Setirizini

Mtu anayeingia duka la dawa akijikuna au akipiga chafya mfululizo hutoka, mara nyingi, na vidonge vidogo vya manjano ndani ya kifuko cha plastiki kilichoandikwa kwa kalamu "1 × 3". Hakuna jina la dawa, hakuna nguvu yake kwa miligramu, hakuna tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwa kuwa dawa hiyo ni ya bei nafuu, imezoeleka tangu utotoni, na huitwa Piriton hata pale ilipotengenezwa na kiwanda kingine kabisa, wengi huihesabu kuwa dawa isiyo na madhara. Mwongozo huu unahusu dawa hiyo pamoja na nduguze, yaani dawa zinazozuia histamini, na unakusudia kumwezesha msomaji kujua ni ipi hasa aliyo nayo mkononi, kwa sababu kipimo, muda, tahadhari na hatari zote hutegemea jibu la swali hilo.

Jinsi zinavyofanya kazi

Histamini ni kemikali inayohifadhiwa katika baadhi ya chembe za kinga, hasa zilizoko kwenye ngozi, puani, machoni na katika njia ya hewa. Mwili wa mtu mwenye mzio unapokutana na kitu usichopatana nacho, kiwe chavua ya nyasi, utitiri wa vumbi uliojaa kwenye mto wa sufi wa miaka mingi, kinyesi cha mende, paka wa nyumbani au kamba wa baharini, chembe hizo humwaga histamini kwa wingi. Mishipa midogo ya damu hupanuka na kuvuja, ngozi huvimba na kuwasha, pua hutiririka na macho huwa mekundu. Dawa ya kuzuia histamini huwahi kukalia vile vipokezi ambavyo histamini ingevishika, hivyo dalili hupungua au hazitokei kabisa. Haiondoi kisababishi wala haiponyi mzio wenyewe. Kutokana na namna hiyo ya utendaji, dawa hizi hufaa zaidi zikimezwa kabla ya kukutana na kisababishi kuliko baada ya dalili kushamiri. Anayejua kwamba kufagia stoo ya mahindi humletea chafya za siku nzima hupata nafuu kubwa zaidi akimeza kidonge chake saa moja au mbili kabla ya kushika ufagio.

Dawa hizi zimegawanyika katika vizazi viwili. Kizazi cha kwanza kilianza kuuzwa katika miaka ya 1940, na humo zimo klorofeniramini (hiyo ndiyo Piriton), promethazini, difenhidramini, hidroksizini na saiproheptadini. Dawa hizi hupenya kwa urahisi hadi kwenye ubongo, ambako histamini ina kazi ya kumfanya mtu awe macho. Zikiizuia huko, mtu husinzia. Aidha, huzuia kemikali nyingine ya neva, jambo linaloleta kinywa kukauka, haja kubwa kuwa ngumu, mkojo kutoka kwa shida na macho kuona ukungu. Kizazi cha pili, kilichoanza kuenea miaka ya 1980, ni pamoja na setirizini, levosetirizini, loratadini, desloratadini na feksofenadini. Hizi hazipenyi sana kwenye ubongo, hufanya kazi kwa muda mrefu, na nyingi kati yake humezwa mara moja tu kwa siku. Dawa ya mzio ya kumeza inayotajwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ni loratadini, na huo ni uchaguzi wa busara: kwa mtu mzima mwenye kazi za kufanya, dawa ya kizazi cha pili ndiyo inayopaswa kufikiriwa kwanza, na Piriton ibaki kuwa ya akiba.

Mazungumzo ya dirishani

Usalama huanza pale kwenye dirisha la duka la dawa. Mnunuzi akisema, "Kaka, naomba dawa ya aleji," muuzaji atampa kilicho karibu. Maombi yanayosaidia ni marefu kidogo: "Samahani kaka, nina chafya na macho yananiwasha tangu juzi, naendesha bodaboda, na ninatumia dawa za presha. Naomba isiyoleta usingizi, na tafadhali niandikie jina lake." Sentensi hizo mbili zinampa mfamasia karibu kila anachohitaji ili achague, na zinamlazimu kwa adabu aandike jina. Kwa mama mjamzito, anayenyonyesha, au anayenunua kwa niaba ya mtoto, jambo hilo litajwe kabla ya dawa kuhesabiwa, si baada ya fedha kulipwa.

Dawa inapotolewa kwa kuhesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa, mnunuzi ana haki ya kuomba aandikiwe kwenye kifuko jina, nguvu ya kila kidonge na tarehe ya mwisho wa matumizi. Bora zaidi ni kununua ukanda mzima ulioandikwa kiwandani, hata kama ataumeza nusu tu. Tofauti ya bei kwa kawaida ni ndogo, na maandishi yale yatamwokoa daktari muda mwingi iwapo kutatokea tatizo. Kwa Tanzania Bara, duka linalouza dawa huwa na kibali kilichobandikwa ukutani, ama kama famasia au kama duka la dawa muhimu, na dawa zenyewe husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Nchini Kenya kazi hiyo ni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Dawa zinazouzwa kwenye basi, kwenye beseni sokoni au kupitia matangazo ya simu hazina anayeziwajibikia, na ushauri uliomo katika mwongozo huu haumsaidii anayezinunua, kwa kuwa hawezi kujua alichonunua.

Kipimo

Setirizini kwa mtu mzima na kwa kijana aliyetimiza miaka 12 ni miligramu 10 mara moja kwa siku. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 hupewa miligramu 5 mara mbili kwa siku, na wa miaka 2 hadi 5 hupewa miligramu 2.5 mara mbili kwa siku. Loratadini kwa mtu mzima ni miligramu 10 mara moja kwa siku, na kwa mtoto aliyetimiza miaka 2 mwenye uzito usiozidi kilo 30 ni miligramu 5 mara moja kwa siku. Dawa zote mbili zinaweza kumezwa pamoja na chakula au bila chakula. Feksofenadini humezwa kwa maji matupu, kwa sababu juisi ya machungwa, ya tufaha au ya balungi hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia kwenye damu, na dawa za kutuliza kiungulia zenye aluminiamu na magnesi hufanya vivyo hivyo. Kati ya dawa hizo na feksofenadini ipite angalau saa mbili.

Klorofeniramini ina hesabu yake. Mtu mzima humeza kidonge kimoja cha miligramu 4 kila baada ya saa 4 hadi 6, lakini jumla kwa siku nzima isizidi miligramu 24, yaani vidonge sita. Kwa mzee jumla hiyo hushushwa hadi miligramu 12. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 hupewa miligramu 2 kwa mara moja, bila kuzidi miligramu 12 kwa siku, na wa miaka 2 hadi 5 hupewa miligramu 1, bila kuzidi 6 kwa siku. Alama ya "1 × 3" kwenye kifuko ina maana ya kidonge kimoja mara tatu kwa siku, na mara hizo zipangwe kwa kuachana saa nane hivi. Haifai kumeza kimoja asubuhi kisha viwili kwa pamoja usiku kufidia kile cha mchana kilichosahaulika. Dozi iliyosahaulika huachwa, na mtu huendelea na ile inayofuata kwa wakati wake.

Kuongeza vidonge kwa sababu muwasho haujaisha ni kosa linalorudiwa sana. Kwa baadhi ya wagonjwa wenye vivimbe vya ngozi vinavyowasha na kuhamahama kwa wiki nyingi, daktari wa ngozi anaweza kupandisha kipimo cha dawa ya kizazi cha pili hadi juu ya kile cha kawaida, lakini hufanya hivyo akimfuatilia mgonjwa. Kizazi cha kwanza hakipandishwi kwa namna hiyo nyumbani hata kidogo, na kuchanganya dawa mbili za kundi hili kwa siku moja, mathalani setirizini asubuhi na Piriton usiku, kusifanywe bila ushauri wa mtaalamu.

Usingizi usioonekana

Watu wengi hudhani kwamba dawa imeisha nguvu pindi wanapoacha kusinzia. Klorofeniramini hubaki mwilini kwa muda mrefu kuliko saa sita zinazotenganisha dozi, na mtu aliyeimeza usiku anaweza kuamka akijiona mzima ilhali mikono na macho yake yanachelewa kujibu. Dereva wa daladala anayeanza safari ya kwanza alfajiri, kijana wa bodaboda, fundi anayeshika msumeno wa umeme, mwendesha mashine ya kusaga na mwashi aliye juu ya jukwaa hawapaswi kutumia kizazi cha kwanza katika siku za kazi, hata kama wao wenyewe wana hakika kwamba "haiwalazi". Uzoefu haumlindi mtu hapa: mwenye kuchelewa kujibu hana namna ya kujipima akiwa bado chini ya dawa hiyo hiyo.

Kizazi cha pili nacho si salama kwa asilimia mia moja katika jambo hili. Setirizini huwasinzisha baadhi ya watu, kwa hiyo dozi ya kwanza kabisa inywewe jioni ya siku ambayo kesho yake hakuna kuendesha chombo. Asiyesinzia anaweza kuendelea, na anayesinzia ahamie loratadini au feksofenadini.

Pombe huzidisha usingizi huo kwa kiasi kisichotabirika, iwe bia ya kiwandani au pombe ya kienyeji. Dawa nyingine zinazotuliza ubongo hufanya vilevile, na hapo hatari huongezeka kutoka kusinzia hadi pumzi kupungua: tramadoli na dawa nyingine kali za maumivu, diazepamu na dawa za usingizi, amitriptilini, fenobabitoni inayotumiwa kwa kifafa, na dawa za maji za kikohozi zenye kodeini. Anayetumia mojawapo asinunue dawa ya mzio bila kuitaja.

Watoto

Ipo tabia, na haifai kuifumbia macho, ya kumpa mtoto kijiko cha Piriton au promethazini ili alale mapema, au atulie katika safari ndefu ya basi. Mtoto mchanga na mtoto wa chini ya miaka 2 anaweza kupungukiwa pumzi akiwa amelala, na mzazi aliye kando yake asijue. Kwa sababu ya vifo vya namna hiyo, promethazini imekatazwa kwa watoto wa chini ya miaka 2, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo lake kali zaidi juu ya jambo hilo mwaka 2004. Kwa upande mwingine, watoto wengine hufanya kinyume kabisa: badala ya kulala huchachawa, hulia bila kunyamazishika na kutetemeka, na mzazi asiyejua huongeza kijiko cha pili. Mtoto asiyelala ana sababu nyingine, kama vile njaa, homa, sikio, joto au mbu, na hiyo ndiyo inayopaswa kutafutwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 mwenye dalili za mzio, dawa itolewe na mhudumu wa afya baada ya kumwona.

Kipimo cha dawa ya maji kinahitaji uangalifu wake. Vijiko vya chai vya nyumbani hutofautiana sana kwa ukubwa, na kile kinachoitwa kijiko kimoja katika nyumba moja kinaweza kuwa kimoja na nusu katika nyumba ya jirani. Dawa ipimwe kwa kikombe kidogo kilichomo ndani ya kasha au, vizuri zaidi, kwa bomba la sindano lisilo na sindano lenye alama za mililita. Kisha isomwe nguvu yake kwenye lebo. Klorofeniramini ya maji kwa kawaida huwa na miligramu 2 katika kila mililita 5, kwa hiyo mtoto wa miaka 3 anayetakiwa kupata miligramu 1 hupewa mililita 2.5. Setirizini ya maji mara nyingi huwa na miligramu 5 katika mililita 5, na mililita 2.5 zake humpa mtoto huyo huyo miligramu 2.5. Chupa mbili zinazofanana kwa rangi na harufu zinaweza kutofautiana kwa nguvu, ndiyo maana lebo husomwa kila chupa mpya inapofunguliwa.

Asili ya chupa nayo ina uzito. Mwezi Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizopatikana nchini Gambia, mojawapo ikiwa ya promethazini, zilizokutwa na diethilini glaikoli na ethilini glaikoli, kemikali za sumu zinazoharibu figo. Watoto wengi waliozinywa walipoteza maisha. Mtoto aliyekunywa dawa ya maji kisha akaacha kukojoa, akatapika na kulegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo pamoja na chupa yenyewe, kwa kuwa namba ya toleo iliyoandikwa juu yake ndiyo inayoziwezesha mamlaka kuzitafuta chupa nyingine za toleo hilo zilizobaki madukani.

Dawa za mafua zenye mchanganyiko

Vidonge vingi vinavyouzwa kwa ajili ya mafua na kikohozi huwa vimechanganya parasetamoli, klorofeniramini na dawa ya kufungua pua ndani ya kidonge kimoja. Anayemeza hivyo pamoja na Piriton ya pembeni na Panadol ya kichwa anakuwa amemeza klorofeniramini mara mbili na parasetamoli mara mbili bila kujua, na parasetamoli iliyozidi huharibu ini. Dawa ya kufungua pua nayo hupandisha shinikizo la damu na kufanya moyo uende mbio. Kanuni ni fupi: anayetumia dawa ya mchanganyiko asiongeze nyingine kabla ya kusoma kilichomo ndani ya kila moja. Isitoshe, mafua ya kawaida yanayoletwa na virusi si mzio, na dawa za kuzuia histamini huyasaidia kidogo mno; mtu aliyepata mafua yenye homa na maumivu ya mwili hana sababu kubwa ya kuzitumia.

Wanaohitaji tahadhari zaidi

Wazee ndio wanaodhurika zaidi na kizazi cha kwanza. Mzee wa miaka 70 akimeza Piriton anaweza kuchanganyikiwa usiku, kuanguka akienda msalani na kuvunjika nyonga. Akiwa na tezi dume iliyovimba, mkojo unaweza kuziba kabisa hadi ahitaji kuwekewa mpira. Mwenye ugonjwa wa presha ya macho anaweza kupata maumivu makali na kupoteza uwezo wa kuona, na mwenye choo kigumu huzidi kukwama. Kwa hao wote kizazi cha pili ndicho chaguo, tena baada ya kumweleza mfamasia. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa setirizini, kwa kawaida hadi nusu, kwa sababu dawa hiyo hutolewa mwilini na figo. Mwenye ini dhaifu huangaliwa zaidi upande wa loratadini. Mwenye kifafa amwone daktari kwanza.

Mama mjamzito mara nyingi anaweza kutumia loratadini au setirizini, ambazo zimetumiwa na wajawazito wengi bila kuonekana kudhuru watoto, lakini jambo hilo liamuliwe kliniki, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Kwa anayenyonyesha, dawa hizo hizo mbili ndizo zinazopendelewa. Kizazi cha kwanza huweza kupita katika maziwa na kumfanya mtoto asinzie na kunyonya kidogo.

Kuna suala la mapigo ya moyo pia, ambalo kwetu lina sura yake. Terfenadini, moja ya dawa za mwanzo za kizazi cha pili, iliondolewa sokoni nchini Marekani mwaka 1998 baada ya kubainika kwamba inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hasa ikitumiwa pamoja na ketokonazoli (dawa ya fangasi) au erithromaisini (antibiotiki). Zilizopo sasa hazina hatari ya kiwango hicho, lakini hidroksizini na promethazini bado zinahitaji uangalifu kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo au anayetumia dawa nyingine zenye tabia hiyo, na dawa mseto ya malaria yenye lumefantrini ni mojawapo. Mgonjwa aliyeanzishiwa dozi ya mseto aseme kama anatumia dawa yoyote ya kuwashwa au kutapika.

Vidonge vya kunenepa

Saiproheptadini ni dawa ya mzio ya kizazi cha kwanza yenye tabia ya kuongeza hamu ya kula, na kwa sababu hiyo huuzwa kama dawa ya kunenepa au ya kuongeza makalio, wakati mwingine ikiwa imechanganywa kwenye kifuko kimoja na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi inayofanya kazi kama homoni ya mwili. Wanunuzi wengi ni wasichana na wanawake vijana wasiojua kwamba wanameza dawa ya mzio. Mwili huongezeka ndiyo, lakini sehemu ya ongezeko hilo ni maji na mafuta yanayoletwa na deksamethasoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa na kinga, na huifanya tezi inayotengeneza homoni ya mwili ya aina hiyo ilale. Aliyekwisha kuitumia kwa wiki nyingi asiiache kwa ghafla peke yake. Aende hospitali na kifuko, aeleze muda aliotumia, na daktari atampangia namna ya kupunguza kidogo kidogo. Mhudumu anayestahili heshima hatamcheka.

Pale ambapo vidonge havitoshi

Dawa za kuzuia histamini hazitibu mshtuko wa mzio. Mtu aliyeumwa na nyuki, aliyekula karanga au samaki wasiompatana, au aliyechomwa sindano ya penisilini, kisha ndani ya dakika chache akavimba midomo na ulimi, akakoroma au kubanwa kifua, sauti ikakauka, akatapika, akazimia au akawa baridi na mwenye jasho, anahitaji sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja mara moja. Kumpa Piriton na kusubiri ni kupoteza dakika zinazoamua uhai wake. Alazwe chali na miguu iinuliwe. Kama anahema kwa shida akae, na mjamzito alale ubavu wa kushoto. Asisimamishwe wala kutembezwa hadi kwenye gari, kwa kuwa kusimama ghafla katika hali hiyo kumewahi kuua. Apelekwe kituo cha afya kilicho karibu zaidi chenye adrenalini, hata kama si hospitali kubwa, na akipata nafuu abaki kwa saa kadhaa akiangaliwa, maana dalili huweza kurudi. Mwenye pumu ajue pia kwamba vidonge hivi havichukui nafasi ya dawa yake ya kuvuta.

Mwasho nao si mzio daima. Upele unaowasha zaidi usiku, ulio kati ya vidole na kwenye viungo vya mkono, na unaowapata watu kadhaa wa nyumba moja, huletwa na vijidudu vinavyochimba ngozi na hutibiwa kwa dawa ya kupaka kwa familia nzima. Mabaka ya duara yanayopauka katikati mara nyingi ni fangasi. Ngozi kuwasha mwili mzima bila vipele, pamoja na macho ya njano au mkojo mweusi, ni dalili ya ini. Katika hali zote hizo kidonge cha mzio hutuliza kidogo na kuchelewesha tiba.

Muda wa matumizi, kuacha, na dharura ya dozi kuzidi

Kwa mzio wa msimu au wa ngozi uliotokea ghafla, siku chache hadi wiki mbili hutosha. Anayelazimika kumeza kila siku kwa zaidi ya hapo anahitaji kuonana na daktari, kwa kuwa kwa pua inayoziba kila mara dawa ya kupulizia puani yenye steroidi hufanya kazi vizuri zaidi, na huenda kisababishi kikapatikana na kuepukwa. Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba baadhi ya watu waliotumia setirizini au levosetirizini kila siku kwa muda mrefu hupata mwasho mkali siku chache baada ya kuacha, hata kama hapo awali hawakuwa na mwasho. Tukio hilo ni nadra, lakini linaeleza kwa nini mtu anaweza kudhani mzio wake umerudi kwa kishindo. Anayekwenda kupimwa mzio kwa kuchomwa vitone kwenye ngozi aulize kliniki siku za kuacha dawa kabla ya kipimo, kwa kawaida kati ya 3 na 7, vinginevyo ngozi haitajibu na majibu yatapotosha.

Dawa ihifadhiwe chini ya nyuzi 30 za Selsiasi, mbali na dirisha lenye jua na mbali na jiko, ndani ya kasha lake, mahali ambapo mtoto hafiki. Vidonge vidogo vya manjano hufanana na pipi machoni pa mtoto wa miaka miwili, na dozi kubwa ya kizazi cha kwanza humletea uso mwekundu, ngozi kavu yenye joto, mboni pana, moyo kwenda mbio, kuweweseka, degedege na hatimaye kupoteza fahamu. Akikutwa na vidonge mdomoni, vitolewe kwa kidole, vilivyobaki vihesabiwe ili ijulikane vilivyopungua, na apelekwe hospitali bila kusubiri dalili. Asitapishwe kwa kidole, asinyweshwe maziwa wala mafuta, na kama amezimia alazwe ubavu. Ukanda au kifuko kilichobaki kibebwe.